Baiskeli nyepesi ya matairi manene: Anza na tairi, maliza na usukani

Na Mwandishi Wetu

TAIRI la baiskeli ya Phoenix iliyozoeleka katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki lina upana wa inchi moja na nusu. Tairi la baiskeli iliyobuniwa kwa ajili ya theluji ya Alaska, jimbo la Marekani lililo kaskazini kuliko yote, lina upana wa kati ya inchi nne na tano, na hujazwa upepo kidogo kiasi kwamba ukilibonyeza kwa kidole gumba linaitika.

Baiskeli ya namna hiyo huelea juu ya theluji na mchanga mahali ambapo baiskeli ya kawaida ingezama na kukwama. Hata hivyo, unene huo una gharama yake. Baiskeli ya matairi manene ya bei ya kawaida huwa na uzito wa kilo 15 hadi 17, na vipuri vyake visipochaguliwa kwa uangalifu, mwendeshaji huhisi kama anayeburuta mzigo nyuma yake.

Ndiyo maana wapo wapenzi wa mchezo huu, hasa nchini Marekani na Kanada, wanaonunua fremu peke yake na kuunga baiskeli wenyewe, kipuri kimoja baada ya kingine, ili wapate chombo cha kilo 12 au pungufu ya hapo. Kazi hiyo ina mitego mingi. Kipuri kimoja kisicholingana na fremu huweza kuvuruga mpango mzima na kumpotezea mtu fedha nyingi. Aidha, gramu zinazopunguzwa mahali pasipostahili huweza kumwacha mwendeshaji akitembea kwa miguu, mbali na makazi ya watu, katika baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri.

Chimbuko lake

Mwaka 1987 yalifanyika Alaska mashindano ya baiskeli yaliyoitwa Iditabike, katika sehemu ya njia maarufu ya Iditarod inayotumiwa na mbwa wanaovuta sleji. Washiriki walitumia baiskeli za kawaida za milimani, na pale theluji ilipokuwa laini walilazimika kushuka na kuzisukuma.

Fundi wa mji wa Fairbanks, Simon Rakower, alianza kutengeneza ringi pana kuliko za kawaida, na baadaye akatoa ringi ya Snowcat yenye upana wa milimita 44. Mbali sana na hapo, katika jimbo la New Mexico lenye jangwa, Ray Molina naye alikuwa akitafuta njia ya kupita kwenye vilima vya mchanga, akaagiza ringi za upana wa milimita 80 hivi na matairi ya inchi 3.5. Mjenzi wa baiskeli wa Alaska, Mark Gronewald, aliyatumia mawazo ya pande zote mbili katika fremu zake.

Mwaka 2005 kampuni ya Surly ya Minnesota ilitoa fremu ya Pugsley pamoja na tairi la inchi 3.7 na ringi ya milimita 65. Kuanzia hapo baiskeli ya matairi manene ikaacha kuwa kazi ya mafundi wachache, ikawa bidhaa ya dukani. Pugsley ilikuwa ya chuma na nzito, lakini ilikuwa na busara yake. Magurudumu yake ya mbele na ya nyuma yalitumia habu za upana mmoja, hivyo mtu aliweza kuweka gia moja kwenye gurudumu la mbele, na frilwili ya nyuma ikigoma kwa baridi akabadilisha magurudumu na kuendelea na safari.

Wepesi na kasi si kitu kimoja

Kosa la kwanza la wengi wanaounga baiskeli hizi ni kudhani kwamba baiskeli nyepesi ndiyo yenye kasi. Hesabu inaonyesha vinginevyo. Mwendeshaji wa kilo 75 akiwa juu ya baiskeli ya kilo 15, jumla ni kilo 90. Akipunguza kilo moja kwenye baiskeli, amepunguza asilimia moja na kidogo ya mzigo anaoupandisha mlimani. Kwenye njia tambarare faida hiyo ni ndogo zaidi.

Kwa upande mwingine, tairi nene hubonyea na kurudi katika umbo lake kila linapozunguka, na nguvu inayopotea katika kubonyea huko hutoka miguuni mwa mwendeshaji. Tairi lenye kitambaa kigumu na kashata kubwa hula nguvu nyingi kuliko tairi laini lenye kashata fupi, hata kama yote mawili yana uzito uleule. Na tairi jembamba kupita kiasi linapozama kwenye theluji hulazimika kupanda ukingo wa shimo lake lenyewe kila hatua, jambo linalomaliza nguvu haraka kuliko uzito wowote wa fremu.

Hivyo basi, anayetaka baiskeli nyepesi na yenye kasi anashauriwa kuanza na tairi, kisha ringi, kisha fremu na habu, halafu krenki na gia. Usukani, nguzo ya kiti na kiti vije mwisho. Wengi hufanya kinyume chake, kwa sababu usukani wa kaboni huonekana na kila mtu, ilhali ulaini wa kitambaa cha tairi hauonekani.

Tairi ndilo linaloamua

Matairi haya hugawanyika katika makundi mawili makubwa. Lipo la inchi nne, au pungufu kidogo, na lipo la inchi 4.5 hadi tano. La inchi nne hufaa njia zilizoshindiliwa na mashine, zile zinazopitwa pia na watelezaji wa theluji. Mfano ni mashindano ya Fat Bike Birkie yaliyoanzishwa Wisconsin mwaka 2013, ambayo mbio zake ndefu ni za kilomita 47 katika njia zilizotengenezwa kwa ajili hiyo. Huko baiskeli nyepesi yenye tairi la inchi nne hushika kasi kubwa.

La inchi 4.8 ni la theluji mbichi na mchanga mkavu. Tairi kubwa lenye kashata ndefu, kama Bud na Lou ya Surly, huwa na uzito wa kilo moja na nusu hivi kila moja. Tairi la upana huohuo lililotengenezwa kwa ajili ya mbio, kama Jumbo Jim ya Schwalbe katika toleo lake jepesi, huwa na kilo 1.2 hivi, na la inchi nne la aina hiyo huzunguka kwenye kilo moja.

Jambo la kuangalia ubavuni mwa tairi ni idadi ya nyuzi za kitambaa katika kila inchi. Tairi la nyuzi 27 au 60 huwa gumu na la bei nafuu. Tairi la nyuzi 120 hivi huwa laini, jepesi na ghali, na hukunjika kwa urahisi linapopita juu ya mawe na mizizi. Ubaya wake ni kwamba ubavu huo mwembamba huchanika upesi penye mawe makali, na ndiyo sababu viwanda vingine huuza tairi hilohilo kwa toleo la pili lenye ubavu ulioimarishwa.

Penye barafu ngumu kuna aina ya tatu, yaani tairi lenye misumari midogo ya chuma zaidi ya 200. Misumari huongeza uzito na kupunguza kasi, lakini hakuna tairi lisilo na misumari linaloweza kushika barafu tupu. Anayepita juu ya maziwa na mito iliyoganda hana sababu ya kujiuliza mara mbili.

Upepo kidogo, kipimo sahihi

Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa paundi 30 hivi kwa kila inchi ya mraba. Tairi la baiskeli nene hujazwa paundi 10 hadi 15 kwenye njia kavu, paundi tano hadi nane kwenye theluji iliyoshindiliwa, na hata pungufu ya paundi nne kwenye theluji laini. Katika vipimo vidogo namna hiyo, paundi moja ni tofauti kubwa. Pampu yenye geji ya kawaida, iliyotengenezwa kusoma mpaka paundi 100, haifai. Geji ndogo ya kusoma upepo mchache ni miongoni mwa vifaa vya bei rahisi, lakini huongeza kasi kuliko vipuri vingi vya gharama.

Baridi nayo ina hesabu yake. Mtu akijaza paundi nane ndani ya nyumba yenye joto la nyuzi 20, kisha akatoka nje kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, hewa iliyomo husinyaa na geji itasoma karibu paundi nne tu. Asiyejua hilo hudhani tairi lina pancha. Mwenye uzoefu hupima upepo baada ya baiskeli kukaa nje kwa muda.

Ringi, spoku na tyubu

Baada ya tairi, uzito mkubwa umo kwenye ringi na tyubu. Ringi ya alumini yenye upana wa milimita 80 hukaribia kilo moja, na nyingi hutobolewa matundu makubwa katikati ili kupunguza uzito, kisha hufunikwa kwa utepe wa kitambaa. Ringi ya kaboni ya upana huohuo huwa na gramu 500 hadi 700. Uzito huu uko pembeni mwa gurudumu, kwa hiyo wakati wa kuongeza mwendo huhesabika karibu mara mbili ya uzito ulio kwenye fremu. Katika theluji laini, ambapo mwendeshaji hupunguza na kuongeza mwendo kila mara, tofauti hiyo husikika miguuni.

Upana wa ringi lazima uendane na tairi. Tairi la inchi nne hukaa vizuri kwenye ringi ya milimita 65 hadi 80. Tairi la inchi 4.8 hupata umbo lake kamili kwenye ringi ya milimita 80 hadi 100. Tairi pana likifungwa kwenye ringi nyembamba huwa la mviringo kama mpira na huyumba upepo unapopunguzwa. Tairi jembamba likifungwa kwenye ringi pana mno huwa bapa, na mabega yake hukwaruza kila kona.

Tyubu ya tairi nene huwa na uzito wa gramu 400 hadi 500. Kuiondoa na kutumia maji ya kuziba pancha ndani ya tairi ni njia ya gharama ndogo kuliko zote za kupunguza uzito, kwani maji ya gramu 150 pamoja na utepe na vali hutosha kwa kila gurudumu. Tairi pia huviringika kwa urahisi zaidi, maana hakuna tyubu inayosuguana nalo kwa ndani. Sharti lake ni kwamba ringi na tairi ziwe zimetengenezwa kwa matumizi hayo. Ringi ambayo ukingo wake haushiki vizuri huweza kuachia tairi ghafla upepo ukiwa mdogo, na kulirudisha kwa pampu ya mkono ni kazi ngumu. Kwa hiyo msafiri wa mbali huendelea kubeba tyubu moja ya akiba, hata kama magurudumu yake hayaitumii.

Spoku nazo zina nafasi yake. Spoku zilizopunguzwa unene katikati ni nyepesi na hustahimili mitikisiko kuliko zilizo nene kote. Vifungio vya spoku vya alumini hupunguza gramu 20 hivi kwa kila gurudumu vikilinganishwa na vya shaba, lakini huliwa na chumvi na hukatika wakati wa kukaza. Kwa gramu 20, mafundi wengi huona bora wabaki na shaba.

Vipimo visivyosameheana

Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Fundi wa baiskeli wa mtaani anaweza kuchukua ringi ya Avon akaifunga kwenye Phoenix bila wasiwasi, kwa sababu baiskeli hizo zilifuata vipimo vilevile kwa miaka mingi. Baiskeli za matairi manene zilikua haraka, na kila hatua iliacha nyuma kipimo chake.

Habu ya nyuma ilianza na upana wa milimita 135, ikiwa imesogezwa upande mmoja ili cheni isiguse tairi. Ikafuata ya milimita 170, inayotosha tairi la inchi nne, kisha ya milimita 190 kwa ajili ya tairi la inchi 4.8. Baadaye ilikuja ekseli nene ya milimita 12 inayopenya fremu upande hadi upande, na vipimo vikaitwa 177 na 197. Anayesoma namba hizo kwa mara ya kwanza hudhani ni habu pana zaidi. Kwa hakika 177 ni ile 170 iliyoongezewa milimita tatu na nusu kila upande ili iingie kwenye nafasi yake ndani ya fremu, na 197 ni vivyo hivyo kwa 190.

Mbele nako hakukuachwa nyuma. Foku za mwanzo zilichukua habu ya milimita 135. Mwaka 2014 kampuni ya RockShox ilipotoa foku yenye shokapu iliyoitwa Bluto, ilitumia habu ya milimita 150 yenye ekseli ya milimita 15, na kipimo hicho kikaenea haraka. Mwenye gurudumu la zamani hawezi kulihamishia kwenye foku mpya.

Katikati ya fremu, bomba linalobeba ekseli ya krenki kwenye baiskeli ya milimani ya kawaida lina upana wa milimita 68 au 73. Kwenye fremu nyingi za matairi manene ni milimita 100, na zipo zilizo pana zaidi. Krenki isiyolingana na bomba hilo haiingii, au huingia lakini cheni ikapita pembeni mno. Upana huo pia hutenganisha miguu kuliko kawaida, na mtu mwenye magoti mabovu anapaswa kuijaribu baiskeli kabla ya kununua. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye uhakika kwamba hatahitaji tairi la inchi 4.8 hunufaika na fremu ya 177, maana huwa nyembamba katikati.

Lipo pia suala la kimo cha gurudumu. Baiskeli nyingi hizi hutumia ringi ya inchi 26, ambayo ikivalishwa tairi la inchi nne hufikia kimo cha karibu inchi 29. Baadhi ya watengenezaji, wakiongozwa na Trek katika baiskeli zake za Farley, walihamia ringi ya inchi 27.5, ambayo hupita vizuri zaidi juu ya mabonde madogo. Uchaguzi wa matairi ya kimo hicho ni finyu kuliko wa inchi 26.

Fremu na foku

Fremu hutengenezwa kwa chuma, alumini, titani au kaboni. Kaboni ndiyo nyepesi zaidi, na Salsa Beargrease ni mfano unaojulikana. Baiskeli hiyo ilipewa jina la John Beargrease, mpeleka barua wa mwishoni mwa karne ya 19 aliyetumia mbwa na sleji katika ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Superior, Minnesota. Alumini hufuata kwa karibu na bei yake ni nafuu mno. Tofauti kati ya fremu nzuri ya alumini na ya kaboni mara nyingi ni ndogo kuliko ile inayopatikana kwenye magurudumu, ilhali tofauti ya bei ni kubwa.

Kwa foku uamuzi ni rahisi. Foku ya kaboni isiyo na shokapu huwa na gramu 600 hadi 750. Bluto ina karibu kilo 1.8. Kwa kuwa tairi lenyewe hufanya kazi ya shokapu, anayetaka wepesi huchagua foku ngumu ya kaboni na kuokoa kilo nzima kwa kipuri kimoja. Tena katika baridi kali mafuta ya shokapu huganda na kuwa mazito, hivyo foku hiyo ya gharama huacha kufanya kazi wakati ambapo theluji ndiyo nyingi. Shokapu ina maana kwa anayepita njia za mawe wakati wa kiangazi.

Krenki na gia

Mwaka 2012 kampuni ya SRAM ilitoa mfumo wenye sahani moja ya meno mbele na meno 11 ya nyuma, na mwaka 2016 ukaja wa meno 12. Baiskeli za matairi manene ndizo zilizonufaika sana. Kuondoa sahani za ziada, mkono wa kuhamisha cheni mbele, waya na swichi yake hupunguza gramu 300 au zaidi. Zaidi ya hayo, huondoa tatizo la cheni kusugua tairi katika gia nyepesi kabisa.

Anayeunga baiskeli ajichunge na seti ya meno ya nyuma. Seti ya bei ya chini ya gia 12 huwa na gramu 600 na kidogo, ilhali ya daraja la juu huwa na gramu 360 hivi. Tofauti hiyo ya robo kilo ina bei kubwa, na meno mepesi huisha kama mengine. Kuhusu ukubwa wa sahani ya mbele, theluji si barabara. Sahani ya meno 28 au 30 humtosha mwendeshaji wa kawaida, na mwenye kiburi cha kufunga meno 36 hujikuta akisukuma.

Breki na frilwili

Breki za diski ndizo zinazotumika, kwani ringi pana hazikubali breki za mpira. Breki za mafuta ni nyepesi na zina nguvu, lakini mafuta ya madini huwa mazito katika baridi kali kuliko yale ya aina ya DOT yanayofanana na ya gari. Ndiyo sababu waendeshaji wengi wa Alaska waling'ang'ania breki za waya kwa muda mrefu. Waya hutengenezeka njiani kwa koleo na bisibisi, mafuta yaliyovuja hayatengenezeki.

Frilwili ndiyo sehemu inayowatesa wengi. Ndani yake kuna vimeno vidogo vinavyosukumwa na springi. Grisi nzito ikiganda, vimeno hivyo havinyanyuki, na pedali huzunguka bure mbele na nyuma. Habu nyepesi yenye vimeno vidogo na grisi ya kiwandani huweza kumwangusha mtu, wakati habu ya kawaida iliyosafishwa na kutiwa mafuta mepesi ya baridi humfikisha.

Pasipopunguzwa uzito

Katika mashindano ya Arrowhead 135 ya Minnesota, yenye urefu wa maili 135, sawa na kilomita 217, washiriki hulazimika kubeba mfuko wa kulalia wa kustahimili nyuzi 29 chini ya sifuri, jiko, mafuta yake na chakula cha akiba. Katika mashindano ya Iditarod Trail Invitational, baadhi ya washiriki huendelea hadi Nome, umbali wa maili 1,000. Baiskeli iliyobebeshwa mizigo ya kilo 10 haiongezi kasi kwa sababu boliti zake ni za titani.

Kwa safari hizo yapo mambo ambayo hayaguswi kwa ajili ya gramu. Mifuko ya kukinga mikono kwenye usukani ina uzito, lakini vidole vilivyoganda haviwezi kukamata breki wala kuwasha kiberiti. Pedali pana za plastiki ngumu hufaa kuliko zile ndogo za kubana kiatu, kwa kuwa huruhusu buti kubwa na hazinyonyi joto la mguu kama alumini. Pampu, tyubu ya akiba na kiungo cha cheni havibaki nyumbani.

Kaboni nayo itazamwe kwa makini. Usukani au nguzo ya kiti ya kaboni iliyokazwa kupita kipimo huweza kupata ufa usioonekana, na ikivunjika haitoi onyo. Anayenunua anapaswa kukaza kwa spana yenye kipimo cha nguvu na kukwepa bidhaa isiyo na jina wala dhamana.

Hesabu ya jumla

Chukua mfano wa baiskeli ya alumini ya kilo 16 yenye foku ya shokapu. Kubadilisha matairi ya kilo 1.5 kwa ya kilo 1.2 hupunguza gramu 600. Kuondoa tyubu na kutia maji hupunguza gramu 500. Ringi za kaboni badala ya alumini hupunguza gramu 700 hivi. Magurudumu pekee yametoa kilo 1.8. Foku ngumu ya kaboni hutoa kilo nyingine 1.1, sahani moja ya mbele gramu 300, na seti nyepesi ya meno gramu 250. Baiskeli imefika kilo 12.5, na usukani wala kiti havijaguswa.

Asiye na fedha za kutosha aanze na tyubu, kisha matairi, kisha foku. Ringi za kaboni ziwe za mwisho katika orodha hiyo, maana jozi ya magurudumu yake huweza kuzidi bei ya baiskeli nzima ya alumini iliyo tayari.

Penye mchanga

Hesabu hizi hazibadiliki sana theluji ikiondolewa na kuwekwa mchanga. Ufukwe uliobanwa na maji wakati wa kupwa ni sawa na theluji iliyoshindiliwa, na tairi la inchi nne lenye kashata fupi hutosha. Mchanga mkavu wa juu ya ufuo hudai inchi 4.8 na upepo mchache. Tofauti kubwa ni chumvi, ambayo hushambulia vifungio vya alumini, beringi na cheni. Baiskeli ya pwani huoshwa kwa maji baridi baada ya kila safari, na vipuri vyepesi mno huonyesha udhaifu wao mapema.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi anayetaka kuunga baiskeli yake aandike namba tano kwenye karatasi kabla ya kutoa fedha: upana wa tairi ambalo fremu inaweza kulipisha, upana wa habu ya nyuma pamoja na aina ya ekseli yake, upana wa habu ya mbele, upana wa bomba la krenki, na kimo cha ringi. Kila kipuri kinachouzwa kwa bei ya kuvutia kilinganishwe na karatasi hiyo. Kisicholingana kirudishwe rafuni, hata kikiwa chepesi namna gani.